Shimo la Wageni

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kwenye tope, wanawake wamenizunguka, kila mmoja na jina lake jipya la kuniita. Mkakunja gazeti mkaenda zenu. Mimi sikuwa na pa kwenda.

Kwa aliyechelewa nitasema kwa ufupi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Nasomea maendeleo ya jamii na ujasiriamali wa rasilimali za mahali, jina refu ambalo Shangazi yangu akilitamka mbele ya majirani huenda nalo polepole, kama mtu aliyebeba sahani nyingi. Maana yake ni kwamba ninafundishwa jinsi watu wanavyoweza kuishi vizuri kwa kile kilicho chini ya miguu yao. Kwetu sisi, kilicho chini ya miguu ni udongo wa kufinyangia.

Shangazi, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Ni mfinyanzi. Yumo kwenye kikundi cha wanawake wanaofinyanga vyungu na mitungi na kuvichoma katika tanuri moja. Chuo kilipotutaka twende mafunzo kwa vitendo, yeye ndiye aliyeniombea kwa wenzake. Alisimama mbele yao akasema, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, nimeharibu mimi."

Sasa wafinyanzi hawa wana utaratibu wao ambao hakuna mhadhiri atakayewafundisha. Wana mashimo mawili ya udongo. Moja liko kando ya barabara, limezungushiwa uzio na kufagiliwa vizuri. Hilo linaitwa shimo la wageni. Akija afisa, akija mfadhili, akija mwanafunzi na kalamu zake, anapelekwa pale, anapigwa picha ameshika donge, anashukuru, anaondoka. Udongo wake haufai kitu kabisa. Ukiutia motoni unapasuka.

Shimo la pili, lenye udongo wenyewe, liko bondeni nyuma ya vichaka, limefunikwa kwa matawi. Halitajwi mbele ya mtu asiyefinyanga.

Mimi nilipofika niliwachoresha ramani ya rasilimali pale uani, kama tulivyofundishwa. Majivu yakawa barabara, majani yakawa mashamba, vipande vya vyungu vilivyovunjika vikawa mahali penye udongo. Wakaweka kipande chao juu ya shimo la wageni, macho makavu. Nikapiga picha, nikaipeleka chuoni, nikasifiwa kwa uongo wa watu wengine. Shangazi akanionea huruma. Akanishika mkono mwenyewe mpaka bondeni, akanionyesha shimo la kweli.

Basi asubuhi ile ya tope shimo hilo la kweli lilikutwa limezungukwa na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Vigingi vya kiwanda cha vigae. Kiwanda hicho kimetafuta udongo mzuri miaka na miaka, na kila kikija kinapelekwa kwenye shimo la wageni, kinachukua sampuli, sampuli inapasuka, kinaondoka. Safari hii mtu amewaonyesha. Na mtu pekee asiyefinyanga anayelijua shimo lile ni mimi.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mrefu, mkavu, tunayemwita Mama Mizani kwa kuwa hupima kila kitu, hata salamu. Ndiye aliyewanyamazisha wenzake siku ile kwenye tope.

"Hatumpigi mtu," alisema. "Tutakaa siku ya kuchoma. Ikionekana Msomi ndiye aliyetuuza, yeye arudi chuoni kwake, na shangazi yake atoke kwenye tanuri."

Msomi ni mimi. Zamani waliniita hivyo kwa mapenzi.

Na kutoka kwenye tanuri si jambo dogo. Chungu kisichochomwa ni tope lililokauka, mvua moja tu na kimekwisha. Tanuri ni la wote, kuni ni za wote, moto unalindwa na wote. Mwanamke aliyetolewa hana pa kuchomea, na Shangazi hajui kazi nyingine, wala hana watu wengine. Wale wanawake ndio dada zake, ndio mashoga zake, ndio watakaomzika.

Kuna jambo jingine ambalo wiki iliyopita niliwaficha. Nisameheni, lakini nanyi wasomaji mna macho ya kushuku, nikaogopa mtanifikiria kama wao walivyonifikiria.

Kabla ya vigingi kuonekana, nilipigiwa simu na mtu wa kiwanda kilekile. Sauti laini, ya mtu aliyeshiba. Akasema wananihitaji wanifanye afisa wao wa maendeleo ya jamii, nikimaliza tu chuo. "Ofisi yako tumeshaitenga," akasema. "Ina feni."

Sikuwahi kuomba kazi kwao. Sikuwahi hata kupita mlangoni kwao. Nikakata simu, na sikumwambia mtu yeyote, hata Shangazi. Sasa niambieni, mngekuwa ninyi ndio Mama Mizani mkasikia habari hiyo, mngeniacha salama?

Jioni ya siku ya vigingi nilimkuta Shangazi jikoni ameketi kwenye kigoda, chungu kibichi mapajani, anakilainisha mdomo kwa kidole gumba. Kidole hicho cha kulia kimepinda tangu ujana, na kikipita kwenye udongo kinaacha kiwimbi kidogo. Wanunuzi huvijua vyungu vyake kwa kiwimbi hicho.

"Shangazi, unaniamini?"

"Nisipokuamini nitamwamini nani? Paka?"

"Basi kwa nini huniulizi kitu?"

"Nakuuliza sasa. Shimo ulimwambia nani?"

Kulikuwa na mtu mmoja. Mhadhiri wangu, anayesimamia mafunzo yangu, ambaye sote tunamwita Dokta. Nilishindwa kuvumilia sifa za uongo. Nikaenda ofisini kwake nikamwambia ile ramani haina ukweli, shimo lenyewe nimeliona kwa macho yangu.

"Akasemaje?" Shangazi aliuliza.

"Aliinuka akafunga mlango. Akauliza liko wapi. Nikamweleza. Akaniambia, hii habari usimwambie mtu mwingine."

Shangazi aliacha kulainisha. "Akafunga mlango."

"Ndiyo."

"Akauliza liko wapi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ukamwambia! Hicho chuo kinawafundisha nini hasa?"

Nilijisikia mjinga, na nyuma ya ujinga nikajisikia hasira. Dokta! Mtu mwenye miwani safi, anayetufundisha habari ya haki za jamii huku akipenga kamasi kwa leso iliyopigwa pasi. Kila nilichokikumbuka juu yake kikaanza kunuka. Kwa nini siku ile aliniuliza kama njia inapita gari? Kwa nini alinisindikiza mpaka ngazini?

"Tumtege," akasema Shangazi.

Nikamtazama. Sikujua kama Shangazi anayajua mambo ya kutega watu.

"Nenda kesho ukamwambie kuna udongo mzuri zaidi ya ule. Mwambie uko nyuma ya mashine ya kusaga, ile iliyokufa. Pale hakuna kitu, ni kifusi kitupu. Vigingi vikiota pale, tumemkamata. Siri yetu mimi na wewe tu."

"Na visipoota?"

"Vitaota." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na haya yakiisha, uangalie maisha yako. Mtu amesoma akakae ofisini kwake, feni inampepea, asije kunuka moshi kama mimi."

Na mimi nikacheka. Nilicheka, wapenzi wasomaji. Mkumbuke hilo.

Kesho yake nikaenda chuoni roho mkononi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo wangu, nautamka kimoyomoyo ili usitoke kama uongo. Nilipofika nikakuta mlango wa Dokta umefungwa. Karani wa idara alikuwa anakunywa chai, na hakuweka kikombe chini.

"Dokta hayupo."

"Yuko wapi?"

"Hospitali. Mkewe anajifungua. Na simu amezima, usijisumbue."

"Atarudi lini?"

"Hilo muulize mtoto."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nikaanza kujiuliza kama kweli kuna mtoto. Mtu aliyeuza shimo la watu anaweza kujificha hata nyuma ya tumbo la mkewe. Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia tena, imezimwa. Nikamwangalia karani, naye akanigeuzia kisogo, nikamshuku na yeye. Mwisho nikarudi nyumbani na uongo wangu mdomoni, sijamwambia mtu.

Shangazi alikuwa ananisubiri mlangoni. Amefagia uwanja, amefunga leso mpya kichwani, uso umekunjuka. Tangu vigingi vionekane alikuwa amenyong'onyea kwa ajili yangu, na sasa amekuwa mtu tena.

"Umemwambia?"

Ningesema nini? Kwamba karani anakunywa chai? Nilijua nitarudi tena chuoni, nimkute, nimwambie, mambo yatakuwa yaleyale. Sikutaka ule uso ukunjike.

"Nimemwambia."

"Habari ya mashine?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza tu."

"Alaa! Ananyamaza!" Akapiga makofi mara moja, akaingia ndani kuniwekea maji ya kuoga.

Asubuhi niliamshwa na hodi ya nguvu. Ilikuwa sauti ya Mama Mizani, na Mama Mizani hapigi hodi hovyo.

"Msomi! Toka nje!"

Nikatoka na kanga kifuani. Nyuma yake walikuwepo wanawake wengine wa kikundi, matope miguuni.

"Kuna vigingi vingine," Mama Mizani akasema. "Vyekundu vilevile. Nyuma ya mashine ya kusaga. Pale hata panya hachimbi. Nieleze."

Kabla sijafungua mdomo, Shangazi alitoka chumbani kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Si nilisema mimi! Ni Dokta! Ni yule mhadhiri wake!"

Akawamwagia habari yote pale pale. Kwamba Dokta alifunga mlango. Kwamba aliuliza liko wapi. Kwamba jana Msomi alikwenda kumtega kwa habari ya mashine ya kusaga, na tazameni, hata usiku haujapoa, vigingi vimeota. Alisimulia kwa mikono yote miwili.

Mama Mizani akanigeukia. "Kwa hiyo ulimtega?"

"Alimtega!" Shangazi akanijibia.

Basi ikawa vigelegele. Wanawake wale walionitukana kwenye tope walinikumbatia mmoja baada ya mwingine. Mmoja alilia akaniomba radhi, akasema alinifikiria vibaya. Mwingine akasema chuo hicho watakwenda wote, watakaa mlangoni mpaka yule bwana afukuzwe. Jina langu likarudi kuwa la mapenzi.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Dokta hakuwa na habari ya mashine ya kusaga. Sikumwambia. Sikumwambia karani, sikumwambia benchi. Duniani kote walikuwa watu wawili tu wanaoijua habari hiyo, na mmoja wao ni mimi, na mimi usiku ule nilikuwa nimelala.

Nikakataa kulifikiria. Nikajiambia kiwanda kimeamua chenyewe kupima na pale. Nikajiambia ni bahati mbaya. Akili ya mtu anayempenda mtu ni hodari sana wa kutafuta njia za panya. Nikajisemea nitakwenda nikaone mwenyewe, nirudi nimetulia.

Nikaenda peke yangu. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na kifusi, mabati yenye kutu, na vigingi vichache vimesimama kama vimepotea njia.

Kule bondeni niliviona vya kwanza. Watu wa kiwanda walikuwa wamevigongelea kwa nyundo, wakasindilia udongo kwa viatu, alama za soli zimetapakaa kila mahali. Hapa hapakuwa na alama ya kiatu. Udongo kuzunguka kila kigingi ulikuwa umebanwa kwa mkono, ukalainishwa vizuri, duara zima, kama mdomo wa chungu. Nikapiga magoti. Pale kidole kilipopita kimeacha kiwimbi.

Nilikaa kwenye kifusi.

Simu ikaita. Ile sauti laini.

"Afisa wetu! Habari za huko? Samahani kwa usumbufu. Vijana wangu wanasema kuna vigingi vyetu vimeng'olewa kule bondeni upande mmoja. Hebu muulize mama, labda ameona aliyeviondoa."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Shangazi, sijui. Yule aliyetupeleka." Akacheka. "Mama ana msimamo yule! Alikuwa na sharti moja tu, kijana wake apate kazi hapahapa. Nikamwambia ofisi ipo, feni ipo. Akauliza feni inakaa juu au mezani."

Nikakata. Feni. Sikuwa nimemwambia Shangazi kuhusu simu ile, na yeye jikoni alinitajia feni, na mimi nikacheka.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilirudi nyumbani nikaosha vyombo.

Siku ya kuchoma ikafika. Wanawake walikuwa wanapanga vyungu tanurini, vikubwa chini, vidogo juu, na nyasi kavu katikati. Kila mmoja alikuwa na furaha kali, ile ya watu wanaomsubiri adui. Mama Mizani alikuwa amempigia Dokta simu mwenyewe, akamwambia aje aone kazi ya mwanafunzi wake. Dokta akasema atakuja kwa furaha. Hakujua anaitiwa nini.

Shangazi alikuwa anapokea vyungu kutoka kwangu. Nikampa kimoja, sikukiachia.

"Shangazi, nani alikwambia kuhusu feni?"

Mkono wake ukasimama. "Wewe."

"Mimi sikukwambia."

"Basi nilisema tu. Ofisi zote zina feni. Lete chungu, moto utachelewa."

"Nimekwenda kwenye mashine ya kusaga. Nimeona kidole chako."

Alitazama huku na huku. Wenzake walikuwa upande wa pili, wanaimba. Akachuchumaa kama anayetafuta kitu chini, nami nikachuchumaa.

"Walisema watachukua kidogo," alinong'ona. "Shimo ni kubwa. Udongo ule hatuumalizi hata wajukuu wakija."

"Na ukawaonyesha. Kwa ajili ya kazi yangu."

"Baba yako alisoma akaondoka. Alisema atarudi sikukuu. Sikukuu gani? Mimi nimemngoja mpaka nimemlelea mtoto. Nilipoona na wewe unakaribia kumaliza, sikulala. Nikasema huyu nimfungie hapa. Nimfungie kwa kitu kizuri."

Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa, nikakasirika kwa kushindwa.

"Ulinipeleka kwenye shimo mwenyewe, halafu ukanyamaza wakinitukana."

"Nilikupeleka kwa nia safi, haki ya Mungu. Ya kiwanda yalikuja baadaye. Na sikujua watakulaumu wewe. Ndiyo maana nikavihamisha vile vigingi. Nilikuwa nakuokoa."

"Na Dokta?"

Hapo akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa moshi, maana moto ulikuwa bado.

"Yeye akichukiwa hapa atapanda gari lake ataondoka. Mimi nikichukiwa hapa nitakwenda wapi?"

Kabla sijamjibu, gari dogo likasimama getini.

Dokta alishuka na tabasamu, shati limekunjamana, miwani imechafuka, ndevu hajanyoa. Mkononi alikuwa na mfuko wa mikate kwa ajili ya akina mama.

"Nimepata binti!" akasema kwa sauti. "Sijalala, lakini nimepata binti!"

Hakuna aliyempongeza. Wanawake walisogea taratibu mpaka geti likawa nyuma ya migongo yao. Tabasamu lake likabaki pale pale, halijui pa kwenda.

"Kuna nini?"

"Wewe utuambie," Mama Mizani akasema. "Nani aliwapa watu wa kiwanda shimo letu?"

"Shimo? Lile la bondeni?" Akageuka kunitafuta. "Limejulikana? Si nilikwambia usimwambie mtu? Ndiyo maana nilifunga mlango siku ile. Viwanda vina masikio mpaka idarani kwetu."

Wakaguna. Mmoja akasema, "Anajua kujitetea huyo."

"Na mashine ya kusaga?" Mama Mizani akauliza.

"Mashine gani?"

Wakaangua kicheko kibaya. Shangazi naye alicheka, nyuma yao, kwa kuchelewa kidogo.

Mama Mizani akainua mkono, wakanyamaza. Akasema maneno ambayo sikuyatarajia, na ndiyo yaliyonimaliza.

"Sikilizeni. Nimekwenda ofisi ya ardhi. Wameniambia kitu kimoja. Ardhi ile ni ya wote, hakuna mtu mmoja anayeweza kuitoa. Tukimjua aliyewaonyesha, tukaenda naye akasema hakutumwa na sisi, vigingi vinang'olewa. Lakini tukienda na mtu ambaye siye, watatucheka, na shimo limekwenda. Kwa hiyo sitaki kelele. Nataka ukweli." Akanigeukia. "Msomi. Njoo hapa mbele."

Nikaenda. Dokta alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi wake bora. Shangazi akanifuata, akasimama nyuma yangu, kama alivyosimama siku ile ya kuniombea.

"Swali ni moja," akasema Mama Mizani. "Huyu bwana, ulimwambia habari ya mashine, au hukumwambia?"

Nikahisi kidole gumba cha Shangazi kwenye shingo yangu. Alikuwa ananilainisha ukosi wa blauzi, polepole, kama alivyokuwa akinifanyia asubuhi za shule ya msingi kabla ya kuniachia mlangoni. Sikujua ananibembeleza au ananiaga.

Nikamwona Dokta na mfuko wake wa mikate. Nikaona vyungu vya Shangazi tanurini, vibichi vyote, kila kimoja na kiwimbi chake, vinasubiri moto wa watu.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilimkosa. Mkewe alikuwa anajifungua. Nilirudi nyumbani nikadanganya kwamba nimemwambia."

Mama Mizani hakushtuka. Alilipima neno langu, akalipima tena, na nikaona jinsi uso wake unavyofika polepole mahali nilipofika mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye kifusi.

"Ulirudi nyumbani," akasema, "ukamdanganya nani?"

Nyuma yangu, kile kidole kikaacha kulainisha ukosi.